Hodi Ubavuni mwa Mashua

Zamani hakuna chombo kilichotiwa maji Mtongwe kabla hasimu wa fundi aliyekiunda hajaja kukibisha hodi ubavuni, na leo mtu hupokea boti iliyofika ndani ya kontena, akaitazama rangi inavyong'aa, akaitia maji siku hiyo hiyo.

Mwinyihaji Mwidani aliijua hodi hiyo tangu hajaota ndevu. Mambo yake yalikuwa hivi. Chombo kikishamalizika, au kikiwa kimegongwa na kutengenezwa, fundi hakuwa na ruhusa ya kusema kwamba kimepona. Alimwita fundi wa kiwanda kingine, tena si rafiki, bali yule anayemwonea kijicho na kugombania naye kazi. Kwa sababu rafiki atakusitiri, na aibu iliyositiriwa nchi kavu hufichuliwa na maji. Hasimu alikuja na nyundo yake ya mti. Mwenye chombo aliweka mkono juu ya omo, ndiyo pua ya chombo, akaeleza mbele ya watu kimepatwa na nini, wapi, na kilikuwa kikienda vipi. Aliyekiunda alisimama nyuma, kwenye tezi, akakipa mgongo na kufunga kinywa. Ndipo hasimu alipogonga, kidogo kidogo, toka omo hata tezi, na watu wakanyamaza. Penye uzima, ubavu ulijibu. Penye ugonjwa, ubavu ulikaa kimya. Akisikia kimya, hasimu alipiga mstari wa chaki kuzunguka mahali hapo, na fundi akabomoa bila kuuliza. Kisha wote walikunywa kahawa, na hasimu akaenda zake akiwa hasimu vile vile.

Hapakuwa na afisa wala muhuri katika jambo hilo. Palikuwa na haya. Siku hizi muhuri upo na haya imekwenda.

Mwinyihaji alizaliwa papo hapo Mtongwe, upande wa Likoni, katika ukoo wa wakulima wa minazi na muhogo. Makaburi ya wazee wao yamo humo humo mashambani, na sasa yamebanwa na kuta za nyumba za ghorofa za kupangisha, hata mtu akitaka kumsomea babu yake fatiha hana budi kumwomba mlinzi amfungulie lango. Babake aliona mtoto ana mkono wa kuchonga, akampeleka kwa mafundi wa vyombo. Chuoni alisoma Kurani, shuleni alisoma madarasa machache, na yaliyobaki alijisomea mwenyewe, kwa vitabu alivyookota na kamusi iliyopoteza jalada. Hakuna aliyempa cheti, wala hakuomba.

Akawa fundi wa mbao. Kisha mbao zikaadimika, mvule ukawa kitu cha kuhadithiwa, na wateja wakaanza kutaka boti za faiba: mikeka ya nyuzi za kioo inayotandazwa juu ya kalibu, ikarowekwa gundi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikauke iwe ngumu kama mfupa. Mafundi wengi wa rika lake walitema mate wakaacha kazi. Mwinyihaji alitema mate akajifunza. Alikuwa na mvi tayari, akikaa barazani na kitabu cha Kiingereza kuhusu gundi hizo, na mkewe, marehemu Mwanatabu, akiwachekea majirani: "Mume wangu amerudi chuoni. Karibu nitamtahiri mara ya pili."

Boti yake ya kwanza ya faiba aliipenda kuliko zote. Aliing'arisha mpaka mtu akaweza kujitazama ndevu. Akaita hodi.

Aliyekuja kubisha ni Nyale.

Nyale alikuwa Mgiriama aliyeshuka kutoka bara ya Kilifi akiwa kijana, akasukuma mkokoteni Kongowea, kisha akaingia kwenye uundaji wa vyombo huko Junda, upande wa Kisauni, ng'ambo nzima ya mji kutoka Mtongwe. Wazee wa Mtongwe walimcheka. Mtu wa kulima mahindi, walisema, atajua nini kuhusu mkuku na mataruma, uti na mbavu za chombo? Lakini Nyale alikuwa na sikio. Alipoigonga boti ile ya Mwinyihaji alifika katikati ya ubavu wa kulia, akarudi nyuma hatua moja, akagonga tena, akapiga mstari wa chaki wenye upana wa sinia. Mwinyihaji alikipa chombo mgongo, lakini alisikia chaki ikikwaruza, na kila mkwaruzo ulimpita rohoni. Alibomoa. Ndani akakuta nyuzi kavu ambazo hazikuonja gundi, na hewa imelala baina ya tabaka kama mwizi aliyejificha chini ya kitanda.

"Umeunda kioo cha kujitazamia," Nyale alimwambia wakinywa kahawa. "Sasa unda boti."

Hakumsamehe neno hilo maisha, na kwa sababu hakumsamehe hakutaka tena hodi ya mtu mwingine yeyote. Wakabishiana hodi miaka yote iliyofuata. Hawakualikana harusini. Hawakutembeleana siku za sikukuu. Lakini Mwanatabu alipofariki, Nyale alivuka mji mzima, akasimama nje ya ua akiwa ameshika viatu mkononi mpaka jeneza likatoka, akalifuata nyuma kabisa ya watu, na mazishi yalipokwisha akaondoka bila kula.

Basi watu kama hao ndio waliokuwa mahasimu.

Kisha mji ukala kando zake. Kiwanja cha Nyale cha Junda kiliuzwa na mtu aliyekuja na karatasi, na macho yake yakaingia ukungu, akahamishiwa Kiembeni kwa bintiye Winfred. Viwanda vya Likoni navyo vikafungwa kimoja kimoja. Pwani yote akabaki Mwinyihaji, na kibanda chake cha mabati, na mteja mmoja wa kutegemewa, ambaye alikuwa mwanawe mwenyewe.

Mansur alikuwa na mashua ya faiba ya mwendo wa kasi, aliyoundiwa na babake. Aliiandika omoni jina la mamake, Mwanatabu. Kazi yake ilikuwa kupeleka mabaharia na vyakula vyao kwenye meli zilizotia nanga nje, kwa makubaliano na wakala wa meli, yeye na mwenziwe Felix, kijana wa kutoka bara aliyejua mashine kuliko alivyojua kuogelea. Mansur ndiye mtoto pekee wa kiume. Dadake, Mwanamkasi, aliolewa Changamwe. Wenzake Mansur wa shule walikuwa wamekwenda Arabuni wote, na kila mwaka humwita. Alikuwa akisema, "Maadamu mashua iko majini, mimi nipo." Mwinyihaji aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba.

Mwanamkasi alikuwa na binti, Ummi, aliyesomea uhandisi chuo kikuu. Siku moja alikuja kiwandani na mkoba mgongoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda. Huko chuoni hawapiki?"

"Wapika, babu. Nimekuja na ombi. Nataka vibao vya faiba, vile vile unavyoweka kwenye boti, tabaka kwa tabaka, kwa mkono wako. Vya ng'ambo tunavyo, lakini boti za huku haziundwi kama vile."

"Nikishakufanyia?"

"Tutavipiga kama kwa risasi."

Mwinyihaji akaweka brashi chini.

"Ummi, mimi nimeishi nikimwomba Mungu kazi yangu isivunjike. Wewe waja hapa, damu yangu, waniambia niunde kitu kizuri ukakipige risasi?"

"Si risasi hasa, babu. Ni gololi ya chuma, yasukumwa na hewa ndani ya mtutu."

"Alhamdulillahi. Nilidhani ni jambo la kijinga."

Lakini alivifanya, na alivifanya vizuri, maana hakujua kufanya vibaya kwa kusudi. Ummi alivipeleka maabara ya huko bara, na baada ya muda akarudi navyo. Mwinyihaji alivigeuza mkononi kwa kitambo kirefu. Upande ulioelekea mtutu palikuwa na alama ndogo, kama mtu aliyegusa kwa ncha ya kidole. Upande wa nyuma palikuwa pamefumuka, nyuzi nje, kama ua la mnazi lililopasuka kutoka kwenye karara yake. Na kilichomkaa moyoni ni kibao ambacho hakikutoboka wala kufumuka. Huku kizima, huku kizima. Ummi alikuwa amekikata katikati kwa msumeno, na ndani tabaka zilikuwa zimeachana.

"Mbao haifanyi hivi," Mwinyihaji akasema. "Mbao ukiipiga, jeraha liko ulipoipiga."

"Faiba yaumwa ndani, babu. Na yategemea mwendo. Ikipigwa polepole, kibao chote hujikunja kidogo, kikagawana pigo. Ikipigwa kwa kasi, haipati nafasi ya kujikunja. Pigo lote lashukia pale pale, lazama ndani, lapanuka kadiri linavyokwenda. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo yazidi mara nne."

Akafungua kompyuta yake juu ya pipa, akamwonyesha kazi aliyokuwa akiifanya. Kibao kilichorwa humo kimegawanywa vijisehemu vidogo vidogo visivyohesabika, tabaka kwa tabaka. Kila kijisehemu huulizwa: je, mzigo uliokufikia umeubeba, au umevunjika? Kilichovunjika humpa jirani mzigo wake. Jirani naye akaulizwa.

Mwinyihaji alitazama rangi zikienea kwenye kioo. "Ni jeneza," akasema.

"Vipi, babu?"

"Jeneza la Waislamu. Mmoja akichoka, mwenziwe hutia bega akapokea. Ndivyo maiti hufika kaburini. Lakini wakilemewa wote kwa pamoja, wa nyuma hawawahi."

Ummi akasema ndivyo hasa, na kwamba walimu wake hawakuwahi kumweleza kwa uwazi hivyo. Mwinyihaji hakufurahia sifa hiyo. Alikuwa akifikiri kwamba sasa yuko mtu anayeweza kuona ndani ya chombo bila kukibisha, na mtu huyo ni mjukuu wake, na yeye hajui afurahi au aomboleze.

Haukupita muda, baada ya mvua kubwa zilizoshusha magogo na takataka baharini, Mansur akaileta mashua.

"Imeguswa na gogo, baba. Kidogo tu. Tulikuwa tukitoka gatini, twajongea polepole. Iko alama hapa."

Alama yenyewe ilikuwa chini ya jina la Mwanatabu, shubiri moja chini yake. Haikupita ukubwa wa sarafu. Rangi imebanduka, basi.

"Mzee, hii ni ya kupaka tu," Felix alisema. "Jumatatu tuna meli kubwa inatungoja. Wakala amesema tukikosa hii, anachukua wale wengine wenye boti mpya."

"Wale wa kontena," akasema Mwinyihaji.

"Hao hao."

Mwinyihaji alimwita Ummi. Binti alipima alama, akauliza uzito wa mashua na unene wa ubavu, akamwuliza mjomba wake mwendo ulikuwa upi. Mansur akasema ule ule, wa polepole. Ummi akauingiza kwenye kompyuta. Walingoja. Mchoro ukaonyesha doa dogo katika tabaka za juu, ndani pazima.

"Kwa mwendo huo, haikuumia sana," Ummi akasema. "Ukikwangua juu ukajaza, yatosha."

Mansur akamshika babake bega. "Umesikia? Kompyuta imesema. Jumatatu twashusha."

Mwinyihaji akachukua nyundo yake ya mti, akagonga. Ubavu ukajibu. Akagonga tena chini ya alama, ukajibu, ingawa hapo alihisi mkono wake umepita upesi. Akarudia. Mkono ukapita upesi tena. Akasimama akiutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alijua alichokuwa akikisikiliza. Alikuwa akisikiliza "mimi nipo".

"Nataka hodi," akasema.

Mansur akacheka, kisha akaona babake hacheki. "Hodi ya nani, baba? Wamekufa wote."

"Mmoja bado."

Kesho yake alikwenda Kiembeni. Nyale alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, miguu imevimba, macho yana weupe wa nazi changa. Winfred alipomwambia ni nani aliyekuja, hakugeuka.

"Umekuja kunizika?" akauliza.

"Ningekuja kukuzika ningekuja na jembe."

"Kwa mikono hiyo? Hujawahi kushika jembe. Baba yako ndiye aliyelima."

"Na wako?"

"Wangu alilima vizuri. Ndiyo maana mimi nina adabu." Nyale akaelekeza uso mahali sauti ilipotoka. "Una chombo."

"Nina chombo."

"Chako?"

"Nilichokiunda. Cha mwanangu."

Nyale akaacha mzaha. Aliijua maana yake. Winfred, aliyekuwa akiwasikiliza mlangoni, akasema, "Mzee Mwinyihaji, baba haoni. Hata kwenda msalani namshika mkono."

"Sitaki macho yake, mwanangu. Macho ninayo mwenyewe, na yamenidanganya."

"Winfred," Nyale akasema, "nyundo iko chini ya kitanda. Imefungwa kwa kitambaa. Usidhani nimeificha. Nimeipumzisha."

Siku ya pili yake Mansur alikwenda kuwachukua kwa gari lake la kubebea mizigo, na hakuongea njia nzima, kama Winfred alivyoeleza baadaye. Kiwandani walikuwako wao tu: Mwinyihaji, Ummi, Mansur, Felix, Nyale na bintiye. Zamani pangekuwa na nusu ya Mtongwe.

Mwinyihaji akaenda kwenye tezi, akaipa mashua mgongo. Winfred akamwongoza babake mpaka omoni, akamwekea kiganja juu ya ubavu.

Nyale akasubiri.

"Mwenye chombo hajaweka mkono," akasema.

"Mzee wangu," Mansur akasema, "alama ni hiyo hapo. Gonga tu. Mambo ya kuweka mikono ni ya wazee."

"Na mimi ni nani?" Nyale akauliza kwa upole. Akaanza kugonga.

Mwinyihaji alisikia hodi ya kwanza, ya pili, nyundo ikishuka kutoka kwenye jina la mkewe. Aliujua mwendo ule kama mtu anavyoujua mwendo wa miguu ya jirani. Kisha nyundo ikapunguza. Ikarudi. Ikagonga mahali pamoja mara kadhaa, kwa ulaini, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa kutafuta panapomuuma. Na chaki ikaanza kukwaruza, ikakwaruza muda mrefu kupita alivyowahi kuisikia.

Alipogeuka, mstari ulikuwa na upana wa mlango wa dirisha.

Ummi alisogea, akautazama ule mstari, akautazama mchoro wake. "Haiwezekani," akasema, si kwa ubishi, ila kama mtu anayejisemea. "Kwa mwendo ule, pigo haliwezi kufika huku. Labda nimekosea unene. Labda gundi…" Akainua macho yake taratibu, akamtazama mjomba wake.

Wote wakamtazama.

"Kijana," Nyale akasema, "njoo uweke mkono."

Mansur alikuwa amesimama karibu na mlango, jua nyuma yake. Alikuja. Aliweka kiganja juu ya omo, pale jina linapoanzia, na hakumtazama babake.

"Tulikuwa tumefungua mashine zote," akasema. "Wale wa boti mpya walikuwa wametutangulia kwenye meli. Tulitaka kuwapita. Gogo lilikuwa limezama nusu, hatukuliona."

"Mbona hukusema?" Mwinyihaji akauliza.

"Ningesema ungeivuta juu, baba. Na wakala angesikia. Nimekwambia mara ngapi, mashua ikikaa juu mimi sina kitu hapa."

Felix alikuwa akichimba mchanga kwa kidole cha mguu. "Mzee, mimi nilimwambia aseme," akanong'ona, na Mansur akamgeukia, "Hukusema chochote wewe," na Felix akasema, "Ni kweli. Sikusema."

Ummi alifuta mwendo aliouandika, akaandika mwingine. Rangi zilienea kwenye kioo, zikashuka tabaka kwa tabaka, zikapanuka, zikavuka mahali ambapo chaki ya Nyale ilikomea. Binti hakumwonyesha mtu. Akaifunga kompyuta nusu, akaiweka kando.

"Ukiilisha uongo, yakujibu uongo," akasema. "Haijui kuona haya."

Mwinyihaji akaenda kuchukua mashine ya kukatia. Mansur akamwahi, akashika waya wake.

"Baba. Ijaze tu kwa nje, meli hii moja. Ikirudi, uikate utakavyo. Wallahi nitakwenda polepole."

"Mabaharia wangapi watapanda?"

"Baba."

"Wana baba zao?"

"Ukiikata leo nimeondoka. Nakwambia mbele ya watu ili usije ukasema hukuambiwa. Sina la kungojea hapa. Nitakwenda Maskati nikaendeshe boti za watu."

Mwinyihaji alimtazama mwanawe, mkono wake ukiwa bado umeshika waya, na kwenye kidole ilikuwamo pete ya fedha ya Mwanatabu aliyoipanua ili imtoshe. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba wapo watu husema hivyo kwa hasira, na wapo husema kwa sababu wamekwisha kufikiri. Huyu alikuwa amefikiri. Akageuza uso kwa Nyale, labda akitafuta neno. Nyale alikuwa ameinamisha kichwa. Mbisha hodi akishapiga mstari hana tena la kusema, ndiyo mila, na Nyale hakuivunja hata siku hiyo.

"Achilia, mwanangu," Mwinyihaji akasema.

Mansur akaachilia.

Mwinyihaji alikata kufuata mstari wa chaki. Vumbi jeupe likawajaza nywele wote. Kipande kilipotoka, tabaka za ndani ziliachana zenyewe mkononi, moja baada ya moja, kama maganda ya kitunguu kilichooza katikati huku nje kinang'aa. Na kwenye ukingo wa tundu lile bado palionekana nyufa, zimeingia zaidi ya mstari, kuelekea juu. Ikabidi akate tena. Akakata mpaka akafika kwenye herufi za mwisho za jina la mkewe, akazikata nazo.

Nyale aliomba kupitishiwa vidole ukingoni. Akapapasa tundu lote.

"Nimezeeka, Mwinyi," akasema. "Nilipiga mstari ndani ya ugonjwa. Nilipaswa kuupiga nje yake."

"Wewe uliusikia ugonjwa. Mimi sikutaka kusikia."

"Wewe ni baba." Akafuta vidole kwenye shati. "Ndiyo maana tuliwekwa sisi wengine."

Kahawa ilinywewa. Mwinyihaji aliipika mwenyewe, akawapa na tende. Mansur alikunywa amesimama. Zamani, baada ya hodi ngumu kama ile, mwenye chombo angempa mkono mbisha hodi na kumwambia ameokoa watu. Hakuna aliyesema. Jumatatu meli kubwa ilihudumiwa na boti za kontena, na Jumatatu zilizofuata pia, na kazi haikurudi tena Mtongwe.

Mwinyihaji aliitengeneza mashua. Ilimchukua muda, kwa sababu ya mikono na kwa sababu hakutaka kuharakisha. Ummi alikuja siku za mapumziko akamsaidia kuchanganya gundi, mpaka naye akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, akaenda na vipande vya ubavu ule vimefungwa kwenye kanga ya bibi yake. Mansur yuko Maskati. Alikwenda kama alivyosema, wiki ile ile, kwa ndege ya alfajiri, na kwaheri aliipitisha kwa dadake. Humpelekea Mwanamkasi sauti kwenye simu, na Mwanamkasi humfungulia babake asikilize. Katika moja yazo alisema, "Mwambie baba aitie maji, auze, isiozee pale." Mwinyihaji alimjibu bintiye kwamba mashua imekwisha lakini haijabishwa hodi.

Kwa maana Nyale alifariki Kiembeni kabla gundi ya tabaka ya mwisho haijakauka. Habari zilimfikia Mwinyihaji wakati mwenziwe amekwisha kuzikwa, kwao bara. Winfred alimletea ile nyundo, akaikataa. Hasimu harithiwi.

Basi mashua ile ipo hadi leo chini ya mabati, nzima kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza, upande mmoja umeandikwa Mwanatabu na upande wa pili jina limekatika mwishoni. Wanunuzi huja. Huigonga kwa ngumi, wakasema ni imara, wakauliza bei. Mwinyihaji huwaambia haiuzwi mpaka aje mtu anayemchukia vya kutosha. Huondoka wakidhani mzee amerukwa na akili.

Alichobaki nacho ni jioni ile ya hodi, kahawa ilipokwisha. Njia ya kutoka kiwandani hadi barabarani ni mlima wenye mawe, na Winfred hakuweza kumpandisha babake peke yake. Mansur aliiweka chini glasi. Bila kuambiwa na mtu akamwendea Nyale, akauchukua mkono wake akauzungusha shingoni mwake, akamkamata kiuno. Wakaanza kupanda, mmoja haoni, mmoja hasemi. Nyale alikuwa na nyundo mkononi, na kila alichokipitia alikigonga: lango la mabati, tangi la maji la jirani, ukuta mpya wa ghorofa. Akigonga akasimama, akasikiliza. Na Mansur, ambaye maisha yake yote hakuwahi kungoja kitu, alisimama naye kila mara, akamngojea asikilize mpaka atosheke, ndipo wakainua mguu. Mwinyihaji aliwatazama kutoka mlangoni mwa kibanda, vumbi la faiba likimwasha shingoni. Huko juu, mahali njia inapokata kona, nyundo iligonga kitu kimoja zaidi ambacho hakukiona. Wakasimama. Kisha wakapita ukuta, na hakuwaona tena.